Modesta na Meno ya Kinanda

Modesta Kobelo alianza kufua nguo za altare kabla hajaolewa. Kazi ile aliipokea kwa mama yake, pamoja na kipande cha shamba kilichokuwa chini ya kanisa, maana kwa Waluguru ardhi na mengi ya thamani hupita upande wa mama. Kila Jumatatu alishuka kijitoni na kapu, akafua vitambaa vya altare na kanzu za watumishi, kisha akavitandaza vikiwa bado vinachuruzika juu ya majani mafupi ya mteremkoni. Hakutumia kamba. Kamba, alikuwa akisema, hukausha tu. Kinachong'arisha ni jua likikuta maji. Kitambaa kikianza kukauka alikinyunyizia tena, na tena, mpaka doa la divai likachoka na kuondoka. Huko juu ya Mgeta ukungu unaweza kukaa mpaka saa sita mchana, kwa hiyo mfuaji wa nguo za kanisa lazima awe mtu wa subira. Modesta alikuwa na subira nyingi. Watu waliidhania kuwa ni upole.

Mume wake alishuka kwenda kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero mwaka ule walipoambiwa wahamie kwenye kijiji cha ujamaa, akakaa huko, akaoa huko. Modesta hakumlilia. Alikuwa na kabichi zake na njegere, zamu yake kwenye shamba la kijiji, mdogo wake Rosa nyumba ya pili, na lile kapu. Akipita nalo kichwani, limefunikwa kitambaa cheupe, wanaume waliokuwa wakipakia lori la mboga la Dar es Salaam walisogea kumpisha. Hicho ndicho kilikuwa cheo chake duniani, na hakutaka kingine.

Kanisani kulikuwa na kinanda cha umeme, zawadi ya parokia moja ya Ulaya. Kilifika mwaka 1971, kikapandishwa sehemu ya mwisho ya mlima kwa mabega ya watu, na tangu hapo kilipigwa Jumapili tu, jenereta ikiwashwa. Vile vibonyezo vyake vya plastiki watu waliviita meno, na kweli vilikuwa vyeupe kama meno ya mtoto. Mpigaji alikuwa Thobias, mwalimu wa kwaya, aliyetoka mjini Morogoro na kusema kwamba amesomea muziki seminari miaka mitatu. Alivaa suruali pana miguuni, alitembea na daftari kwapani, na wazee walimwamkia kwa kuvua kofia.

Jumamosi Modesta alifagia kanisa na kupangusa vumbi la kinanda. Kwa hiyo ni yeye aliyejua kwamba Thobias amebandika vipande vya plasta ya vidonda juu ya meno manane ya katikati, na juu ya kila kipande ameandika kwa wino: do, re, mi, fa, na kuendelea. Alimwuliza mara moja tu.

"Hizo ni alama za kitaalamu, Mama," Thobias alimjibu. "Wewe pangusa pembeni."

Akapangusa pembeni, miaka mitano.

Katika miaka hiyo meno yalibadilika rangi. Kwanza yakawa kama maziwa yaliyolala, kisha kama karatasi za kitabu cha zamani, halafu njano ya wazi isiyohitaji kuelezwa. Modesta alidhani ni moshi wa ubani. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu aliyekuwa akikaa mbele ya meno yale alikuwa mmoja, naye hakulalamika.

Mwaka 1979 alikuja paroko mpya, Padri Alois. Juma moja kabla ya kufika kwake Thobias alibandua plasta zote. Hakutaka paroko amkute msomi wa seminari anasoma meno ya kinanda kama mtoto wa darasa la kwanza. Lakini chini ya kila plasta jino lilikuwa limebaki jeupe. Yakaonekana madirisha manane meupe katikati ya njano, na Thobias akagundua kwamba hahitaji plasta tena. Madirisha yale yalitosha kumwongoza.

Padri Alois hakujua kupiga kinanda, lakini macho alikuwa nayo. Siku ya pili alifunua kifuniko akauliza kwa nini meno yana rangi mbili. Thobias hakukawia. Alisema mama anayefagia ameyasugua kwa maji ya majivu, na yale madoa meupe ni mahali ambapo kitambaa chake hakikufika. Ulikuwa mwaka wa uhaba, vita vimekwisha na sabuni hakuna, kila nyumba ilikuwa ikifulia majivu na majani ya mpapai. Uwongo ule ulikuta nyumba iko wazi, ukaingia na kuketi.

Ungeweza kuishia sakristiani, katika chumba cha padri nyuma ya altare. Lakini Thobias aliogopa kwamba Modesta angeweza kusema habari za plasta, akaona bora amwahi. Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, watu wakiwa wamesimama uwanjani kusikiliza matangazo kama kawaida, aliomba neno.

"Kuna watu wanatusaidia kwa moyo," alisema, "na Mungu awabariki. Lakini moyo si elimu. Kinanda kimetoka Ulaya, kimevuka bahari, kimepanda mlima huu kwa mabega yenu, halafu kinasuguliwa majivu kama sufuria. Ingieni mkaone meno yake. Simtaji mtu."

Hakuhitaji kumtaja. Vichwa vyote viligeuka upande mmoja.

"Sikuyasugua," Modesta alisema. "Nilipangusa kwa kitambaa kikavu."

"Mama, hata mtoto aliyemwaga maziwa husema ni paka."

Uwanja ulicheka. Modesta alitaka kusema juu ya plasta, lakini plasta hazikuwepo tena, na kicheko kilikuwa kimekwisha kukalia mahali pa maneno. Padri Alois alimwendea, akasema kwa sauti ya huruma iliyomuuma kuliko kelele, "Mama Modesta, hatukugombezi. Tunakupumzisha." Kesho yake kapu lilipelekwa kwa akina mama wengine, wafue kwa zamu.

Jioni ile ile, kijitoni, Regina alimngoja. Ukoo wa Regina na ukoo wa Modesta ni watani, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hata msibani.

"Usinipe mkono, dada," Regina alisema, akirudi nyuma hatua mbili. "Nikirudi nyumbani nimekuwa njano, mume wangu atadhani ameoa mchuzi. Kuanzia leo wewe ni Binzari."

Utani hauna kesi. Anayekasirika ndiye mkosaji. Modesta alicheka kidogo, kama desturi inavyotaka, na jina likashika. Watoto walilichukua. Muuzaji wa duka la ushirika alilichukua pia. Siku ya foleni ya sukari aliita, "Binzari, nyumba ya Binzari," naye akaitika, kwa sababu sukari ilikuwa kilo moja kwa nyumba na asiyeitika hupoteza.

Aliilea chuki yake kama alivyolea mche wa kabichi: maji asubuhi, kivuli mchana, na jioni kuitazama imekua kiasi gani. Padri akihubiri msamaha, Modesta alitazama shingo ya Thobias pale kwenye kinanda. Aliijua shingo ile kuliko alivyojua shingo ya mume wake.

Sista Bernadeta, muuguzi wa zahanati ya misheni, alimpa kazi ya kufua bandeji. Hakuamini habari za majivu, au hakuzijali. Modesta alifua bandeji kwa namna ile ile, akazitandaza mteremkoni, akazinyunyizia. Mambo yakaenda hivyo mwaka mzima na zaidi.

Siku moja ya Agosti mwaka 1981, akipanga vitu dirishani mwa zahanati, aliona sahani ya plastiki ya kuwekea sindano. Sahani ile aliifahamu, ilikuwa njano. Sasa nusu yake ilikuwa nyeupe. Sista alikuwa amemimina humo ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu, akaisahau juani siku tatu, na mahali dawa ilipokuwa imetulia weupe ulikuwa umerudi, ukiwa na ukingo kama wa bwawa.

"Sista," Modesta aliuliza, "sahani hii iliwahi kusuguliwa majivu?"

"Majivu? Hii ni ya sindano, Modesta."

"Mbona ilikuwa njano?"

"Plastiki ndivyo zilivyo. Hata redio yangu imekuwa njano, na nimeifunika kitambaa. Inazeeka yenyewe."

Modesta aliishika sahani muda mrefu. Miaka miwili alikuwa akiitwa Binzari kwa kosa la kitu kinachozeeka chenyewe. Tena kilikuwa kinaponywa kwa njia aliyofundishwa na mama yake: jua likikuta maji, ila maji haya yalikuwa makali zaidi.

Usiku alimwambia Rosa. Rosa aliruka kitini.

"Ipeleke kwa Padri kesho asubuhi. Amwone mwongo wake."

"Halafu?"

"Halafu atajua hukukosa."

"Atajua yeye," Modesta alisema. "Ataniita sakristiani, atafunga mlango, ataniambia, 'Pole, Mama.' Mimi sikusemwa sakristiani, Rosa. Nilisemwa uwanjani."

"Sasa unataka nini?"

"Nautaka uwanja."

Rosa alimtazama dada yake kama mtu anayeona mlango mwingine katika nyumba aliyokulia. "Wewe dada ni mbaya," alisema.

"Nimefundishwa."

Somo wa parokia ile ni Mikaeli Malaika Mkuu, na sikukuu yake huangukia mwishoni mwa Septemba, kiangazi, ukungu ukiwa umepungua. Mwaka ule kwaya tatu za parokia jirani zilialikwa. Dizeli ya jenereta haikuwepo, na kwa ajili ya mazoezi haikuzungumzwa hata kidogo. Kama ingepatikana, ingetosha Misa tu. Wiki mbili kabla ya sikukuu Thobias alitumwa mjini Morogoro na pipa tupu na barua ya Padri, akapange foleni hadi apate. Siku aliyoondoka kwa lori la kabichi, Modesta alikwenda kwa Padri Alois.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele amina, Mama Modesta. Karibu."

"Nimekuja kwa ajili ya kinanda." Alikuwa amejifunza maneno yale njiani, hatua kwa hatua. "Wanasema niliyaharibu meno. Naomba niyaponye. Iwe malipizi yangu kabla ya sikukuu."

Padri aliguswa. Hakuona kwamba Modesta alikuwa amesema "wanasema". Aliuliza kama kuna hatari yoyote, akaonyeshwa sahani, nusu njano na nusu nyeupe, akakubali. Vijana wanne wa kwaya walikibeba kinanda mpaka barazani upande wa magharibi, mahali jua la mchana linapokaa.

Sista alimpa chupa tatu za dawa na shashi nyembamba ya vidonda. Modesta alikata shashi vipande virefu, akavichovya, akavikamua ili dawa isidondoke katikati ya meno na kuingia ndani kwenye nyaya, akavilaza juu ya meno kimoja kimoja. Kila shashi ilipoanza kukauka aliinyanyua, akaichovya, akairudisha. Dawa ilimchoma vidole. Ncha zake zikawa nyeupe kama zimepakwa chokaa, zikamwasha usiku, na alifurahia kuwashwa kule. Siku ya kwanza haikuonyesha kitu. Siku ya tatu njano ilianza kulegea. Alikuwa na siku kumi za jua, na alizitumia zote. Yale madirisha manane aliyatazama yakififia, si kwa kufutika yenyewe, bali kwa sababu meno jirani yalikuwa yakiyafikia. Mwisho hakuna mtu ambaye angeweza kusema plasta zilikaa wapi. Meno yote yalikuwa mamoja.

Alimwita Padri aone. Padri alicheka kwa furaha. "Mwalimu Thobias atashangaa," alisema.

"Atashangaa, Padri."

Kinanda kilirudishwa mahali pake na kufunikwa kwa shuka.

Thobias alifika Jumamosi magharibi, amekonda kwa foleni, na dizeli isiyojaa hata robo ya pipa. Aliambiwa juu ya meno, lakini alikuwa amechoka na aliyemwambia hakusema zaidi ya "yamesafishwa". Akalala.

Jumapili kanisa lilijaa hadi milangoni. Modesta alikaa benchi la nne upande wa wanawake, Rosa kushoto kwake, Regina nyuma yake. Jenereta iliwaka. Maandamano ya Padri na watumishi yalisimama mlangoni yakingoja wimbo. Thobias alivuta shuka, akainua kifuniko.

Modesta aliiona shingo ile ikisimama.

Mkono wa kulia wa Thobias ulikwenda mbele, ukasita hewani, ukasogea kushoto, ukarudi. Alibonyeza jino moja, akasikiliza, akabonyeza lililofuata. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wakingoja, aliamua kuanza, na alianza jino moja juu ya pale alipozoea. Mstari wa kwanza ulitoka umepinda. Kwaya ilijaribu kumfuata, sauti za kwanza zikapanda na kuvunjika. Akasimama. Akaanza tena, chini mno, na sauti za nne zikaguna kama wanaosukuma gari. Kutoka kwenye mabenchi ya kwaya za wageni mtu alicheka puani.

"Mwalimu?" Padri Alois aliuliza kutoka mlangoni.

"Meno yameharibika, Padri."

"Yameharibika kwa weupe?" Regina alisema, kwa sauti ya mtu asiyekusudia kusikika, na kila mtu akamsikia.

Bibi mmoja wa kwaya alianzisha wimbo kwa mdomo, maandamano yakaingia, na Misa nzima ikaimbwa bila kinanda. Thobias alibaki ameketi mbele ya meno yale meupe, mikono mapajani. Jasho lilikuwa limechora njia kolani. Modesta hakusali. Alitazama.

Baada ya Misa watu walitoka uwanjani kwa matangazo, wenyeji na wageni. Pengine Thobias angenyamaza angeokoka. Padri Alois alikuwa tayari kupita juu ya jambo lile. Lakini Thobias alikuwa amezoea uwanja ule umtii.

"Wageni mtusamehe," alisema. "Kinanda chetu kimechezewa tena na yule yule. Mara ya kwanza majivu, mara hii dawa. Sasa hakifai."

Modesta alitoka katikati ya wanawake. Hakupaza sauti.

"Kimeharibika nini, Mwalimu? Sauti?"

"Kila kitu."

"Jenereta bado inawaka. Kuna mwalimu mgeni hapa, Mwalimu Ignas. Aingie akijaribu."

Ignas, mwalimu wa kwaya ya parokia ya bondeni, alimtazama Padri, Padri akainua mkono, naye akaingia. Muda mfupi baadaye kinanda kilisikika kupitia milango iliyo wazi, kwanza taratibu, kisha wimbo mzima wa kumtukuza malaika, besi na sauti zote, safi kama maji ya juu mlimani. Ignas alirudi akitabasamu.

"Kizima kabisa," alisema. "Tena meno safi hivi sijaona."

"Basi kizima," Modesta alisema. "Sasa, Mwalimu, mwambie Padri nini kilikuwa juu ya yale meno manane kabla yeye hajaja."

Thobias alitazama chini. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na pale uwanjani alionekana kijana aliyekutwa na daftari la mwenzake. Seminari alikuwa amekaa miezi minne tu, akafukuzwa. Hilo lilijulikana baadaye, na lingeweza kumtia mtu huruma. Modesta hakulijua siku ile, na hata alipolijua halikumtia.

"Plasta," Thobias alisema.

"Za nini?"

"Nilikuwa nimeandika noti. Nisipotee."

"Na majivu?"

Padri Alois alisema kwa upole, "Jibu, Mwalimu."

"Hakusugua majivu," Thobias alisema, akitazama viatu vyake.

"Walio nyuma hawakusikia," Modesta alisema.

"Mama Modesta hakusugua majivu."

"Na aliyesema nimesugua?"

"Ni mimi. Nilisema uwongo."

"Pale kwenye lango kuna watu hawakusikia."

"Mama," Padri alisema, "inatosha."

"Padri, siku ile nilisemwa wakasikia mpaka wa langoni."

Thobias aliinua uso, akasema tena kwa sauti kubwa, maneno yote, kuanzia plasta hadi uwongo. Hakuna aliyecheka. Modesta alikuwa amengoja kicheko. Hakikuja, na aliona ni hasara ndogo.

Padri Alois alitangaza pale pale kwamba kapu la nguo za altare linarudi kwake. Kisha aliwasogelea wote wawili, akasema ni sikukuu, wapeane mkono.

Thobias alinyoosha wake.

"Leo hapana, Padri," Modesta alisema.

"Kesho?"

"Na kesho."

Akaondoka na Rosa. Nyuma yao Regina alikuwa akimwambia mgeni mmoja jina la yule mama, na alilitaja lile la ubatizo.

Baada ya miaka mitatu meno ya kinanda yalianza kuwa njano tena, bila mtu kuyagusa. Modesta alipoombwa ayasafishe, alisema Mwalimu Thobias ana elimu, apewe yeye. Hayakusafishwa. Thobias alibaki mlimani, akiongoza kwaya kwa mdomo, na kila Jumapili walipokutana mlangoni alimtangulia kwa salamu: "Tumsifu Yesu Kristo, Mama." Modesta aliitika "Milele amina," kwa kuwa salamu ile ilikuwa ya Kristo, si ya Thobias. Hakuongeza neno jingine mpaka siku yeye mwenyewe alipokufa.